Pembe ya Madam Imejaa Magazeti

Jumamosi, Riyadh. Tangu asubuhi hewa ina rangi ya chai ya maziwa. Vumbi limeingia mpaka ndani ya friji, sijui limepitia wapi. Nimefunga madirisha yote, nimeweka mataulo yenye maji chini ya milango, na bado nikipitisha kidole juu ya meza naweza kuandika jina langu.

Nina hasira. Niseme mapema ili nisijifanye mtu mwema humu.

Hasira yangu iko juu ya meza ya sebule ya wageni, ina urefu wa mtoto wa miaka sita na imepakwa rangi ya dhahabu. Ni pembe. Si ya mnyama yeyote aliyewahi kula majani. Ni ya kusukwa kwa fito, mdomo wake umepanuka kama wa baragumu na mkia umejikunja kama wa mbwa aliyefurahi. Mdomoni yanamwagika matunda. Siku hizi ni ya plastiki, na kila asubuhi nayafuta kwa kitambaa chenye maji, zabibu punje kwa punje, komamanga, tini, na nanasi moja lisilo na haya. Madam anasema hiyo ni pembe ya neema, alama ya nyumba yenye baraka, eti inatoa na kutoa na haiishi. Mimi ninayeifuta sijaiona ikitoa kitu isipokuwa kazi.

Kwetu Taita pembe ni ya kutia ugoro. Babu alikuwa nayo moja, ilimtosha, na hakuwahi kumwalika mtu nyumbani aje kuitazama.

Kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza: nafanya kazi za nyumbani, na mkataba wangu wa miaka miwili unaisha mwezi ujao. Nina binti wa miaka minne, Pendo, niliyemwacha Voi na mdogo wangu Mghoi. Mama yetu yupo, lakini miguu imemvimba, hawezi kumkimbilia mtoto. Kwa hiyo Mghoi ndiye anayemwogesha, ndiye anayemsuka, ndiye anayemtishia mwiko na asimchape. Mimi ni sauti kwenye simu.

Sasa nieleze pembe na mimi tulikutanaje.

Miezi mitatu iliyopita mdogo wake Madam alikuwa anachumbiwa Jeddah. Familia nzima ilipanda ndege, nami nikiwa na Lulwa, mtoto wa Madam, mapajani. Lulwa ana miaka mitatu na halali bila kushika sikio langu. Mutua, dereva, alitangulia na gari na mizigo, na juu ya mizigo ikakaa pembe, imefungwa mablanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Madam alikuwa ameiona kwenye simu yake katika sherehe ya watu wengine, na akaamua yake iwe kubwa kuliko ile.

Siku ya sherehe tukatumwa mimi na Mutua sokoni kununua matunda. Tulijaza buti la gari. Nikadhani hayatatosha pembe yote ile, nikamwambia Madam hivyo. Akanicheka. Akaniletea rundo la magazeti ya zamani na kuniambia niyakunjekunje na kuyashindilia ndani.

Ndivyo inavyofanyika, ndugu zangu. Pembe yote kuanzia mkiani hadi karibu na mdomo ni magazeti. Matunda ni ya pale mbele tu, safu moja, yamechomekwa kwenye vijiti na waya yasianguke. Ukiyatazama utaapa yanatoka ndani kwa kusukumana. Hakuna kinachotoka ndani. Ndani kuna habari za mwaka juzi.

Halafu nikapewa chupa tatu za dawa ya kupuliza nywele. Ile ya kufanya nywele zisimame. Nilipuliza matufaha, nikapuliza zabibu, nikapuliza hadi komamanga zilizopasuliwa, ili zing'ae kwenye picha na nzi wasitue. Dawa ile ikishakauka, tunda linakuwa zuri ajabu na haliliki tena. Buti zima la gari. Nilikuwa nikipuliza huku nikihesabu moyoni Pendo amekula tufaha mara ngapi tangu azaliwe. Mara mbili. Moja tuligawana.

Kazi yangu usiku wa sherehe ilikuwa kusimama pembeni ya ile pembe. Hiyo tu. Nisimame hapo watoto wa wageni wasije wakala. Mmoja alinipita chini ya mkono, akachomoa zabibu, akaitia mdomoni, akaitema kwenye zulia na kunitazama kana kwamba nimemtukana. Wakubwa hawakuhitaji kulindwa. Walisimama mbele ya matunda wakapigwa picha, wakasema mashallah, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Watu walioshiba hivyo hawana haja ya matunda, wana haja ya kuonekana karibu nayo.

Na mimi je?

Hapa ndipo panaponiuma, maana dharau yangu ingekuwa tamu zaidi kama ningekuwa nimesimama nje yake.

Alasiri ile, kabla ya wageni kufika, tulikuwa mimi na Mutua peke yetu ukumbini. Nilikuwa nimevalishwa abaya mpya yenye nakshi mikononi, ya siku ile moja, ya kuvuliwa na kurudishwa. Mutua akaweka chini kreti la mwisho, akanitazama, akatoa simu.

"Mama Pendo, hebu simama hapo. Karibu na nanasi."

"Niache, nina kazi."

"Kazi haikimbii. Cheka kidogo. Wewe ni askari wa ndizi, lakini nyumbani nani atajua? Uonekane mwenye shamba."

Nikasimama. Nikacheka. Tena nikaweka mkono juu ya pembe, kama mtu anayemshika ng'ombe wake.

Wote tunafanya hivi huku. Msichana wa nyumba ya pili hupiga picha kwenye kochi la bosi wake akishaliosha. Mutua mwenyewe ana picha nane kwenye magari manne na hakuna hata tairi moja lake. Hatusemi ni vyetu. Tunasimama tu karibu, tunaweka picha kwenye status, tunaandika jina la Mungu chini yake. Mimi niliandika, "Mungu ni mwema. Jeddah." Ukilitazama kila neno peke yake, hakuna la uongo. Picha ndiyo iliyosema uongo, nami nikaiacha iseme.

Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa mahali pengine ambako sikupiga picha. Tukitoka sokoni Mutua alipitia mtaa wa Bani Malik kula. Kuna mama wa Kikenya pale, anaitwa Nekesa, anayewapikia madereva katika chumba cha kupanga, juu kabisa, ngazi hazina taa. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alimwacha bila kumfanyia ikama, kile kibali cha kuishi huku, kwa hiyo hawezi kuajiriwa, na kuondoka hawezi. Yuko tu. Ana mtoto wa kiume Bungoma anayemaliza darasa la nane, alimwacha wa darasa la pili. Alinipakulia ugali na mboga, nikamaliza, akanipakulia tena bila kuniuliza. Nilishiba pale kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa Saudia. Nilipotoa simu nipige picha sahani, akaifunika kwa kiganja. "Hapa si pa kuonyesha watu, mama," akasema. Basi nikairudisha mfukoni. Siku moja, mji mmoja, na nikachagua nyumbani waone ipi.

Jana ndipo nilipolipwa.

Jana, Ijumaa mchana, Mghoi alinitumia picha. Mara ya kwanza sikujitambua. Ni tangazo la ajenti mmoja wa Mombasa wa kupeleka wasichana Saudia, na katikati yake niko mimi, na abaya ya kuazima, na mkono juu ya pembe, meno nje. Wameniongezea mwanga kichwani. Juu yangu wameandika kwa herufi nyekundu: NEEMA INAKUSUBIRI. Sijui nani aliichukua kwenye status yangu akawapa. Simu imejaa watu ambao siwakumbuki.

Chini ya tangazo Mghoi aliandika, "Dada, umekuwa staa." Nikacheka kidogo, nikiwa bado sijaelewa. Kisha ukaja ujumbe wa pili. "Na mimi nimejiandikisha. Pasi imetoka. Vipimo vya hospitali ni Jumatatu. Nilitaka iwe surprise."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chumba cha kufulia, na mashine inazunguka, hadi ikasimama yenyewe.

Leo asubuhi nikifuta matunda nikaisoma simuni habari ya hii pembe, nijue kwa nini dunia nzima inaiheshimu. Ni hadithi ya Wayunani wa kale. Eti kulikuwa na mtoto wa kimungu aliyefichwa pangoni, na mbuzi jike ndiye aliyemnyonyesha. Siku moja katika kucheza, mtoto akamvunja mbuzi pembe. Akasikitika, basi akaibariki ile pembe iwe inatoa chakula chochote mtu anachotaka, milele. Watu wakaichora, wakaichonga kwenye mawe, wakaiweka kwenye sarafu, na leo iko kwa Madam.

Nilisoma mara mbili. Hakuna mahali panaposema kama yule mbuzi alipewa pole. Hakuna mahali panaposema kama alikuwa na watoto wake, maana mbuzi hatoi maziwa bila kuzaa. Wale wana-mbuzi walinyonya nini? Nani aliwalea yeye alipokuwa pangoni na mtoto wa wakubwa? Neema yote hiyo ya milele ilitoka kichwani kwa mama aliyekuwa kazini, na yeye mwenyewe hadithi ikamwacha pangoni na upande mmoja wa kichwa.

Nikasonya. Lulwa, aliyekuwa ameshika sketi yangu, naye akasonya. Sasa Madam atauliza amejifunza wapi.

Saa nane mchana Madam alipolala nikampigia Mghoi. Akashika kabla simu haijalia.

"Nilijua utapiga kuhubiri," akasema.

"Sihubiri. Nataka usiende Jumatatu."

"Wewe umekula Saudia miaka miwili. Mimi nikitaka kuonja tu, imekuwa dhambi."

"Sijala kitu, Mghoi. Yale matunda yalipulizwa dawa ya nywele."

Akacheka. "Aki dada, sasa unanidanganya kwa matunda."

"Nilisimama pale kuwazuia watoto wasiyale. Ndiyo kazi niliyopewa siku ya ile picha. Na nyuma yake ni magazeti."

Akaacha kucheka. Nikasikia Pendo kwa mbali akimwimbia kuku au mdoli, sijui.

"Mbona hukuandika hivyo?" akauliza.

Nikalikwepa swali. Nikamweleza habari za Nekesa. Nikamwambia kwamba Madam wangu hanipigi, simu ninayo, chakula napewa, na kwamba huku tukikutana tunaambiana "una bahati" kwa vitu hivyo, kana kwamba kutopigwa ni mshahara. Nikamwambia bahati yangu haikuandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo siwezi kumrithisha. Alisikiliza. Mghoi ni mtu wa kusikiliza hadi mwisho, halafu anauma.

"Haya, umemaliza. Sasa sema lile hujasema. Unaogopa mimi nikija nani atabaki na Pendo."

"Hilo pia."

"Ndiyo hilo. Mengine ni kachumbari."

"Mghoi."

"Sikuzuii, dada. Nina miaka ishirini na mbili. Nikipita sokoni wananiita Mama Pendo na nimechoka kuwakosoa. Basi rudi. Rudi ulee mtoto wako, nami siendi popote, nitatafuta maisha hapahapa. Lakini ukisaini tena, Jumatatu niko Mombasa. Haiwezekani wewe ndiye wa kwenda siku zote na mimi ndiye wa kukaa siku zote."

Akakata. Hakukata kwa hasira. Alikata kama mtu aliyemaliza kufua akamwaga maji.

Nikabaki na mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe si mtu ninayempenda sana leo.

Ukweli ni kwamba wiki iliyopita Madam aliniuliza kama nitaendelea miaka miwili mingine, na nikamjibu inshallah. Huku inshallah ya mfanyakazi huchukuliwa kuwa ndiyo. Fomu ziko kwenye droo. Nilikuwa sijamwambia Mghoi. Nilikuwa nimepanga kumwambia nikishasaini, kwa sauti ya huzuni, kana kwamba nimelazimishwa. Nilikuwa nimeshaandaa hadi zawadi ya kumtuliza Pendo, mwanasesere anayefumba macho.

Maneno yote niliyomwambia mdogo wangu kuhusu pembe ya uongo, na mimi mwenyewe nilikuwa nataka kubaki nayo. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani nikirudi nitakuwa mtu wa kawaida. Hapa angalau kwenye simu za watu wa Voi mimi ni mtu aliyefanikiwa. Wananiombea, wananiheshimu, wananiomba ushauri wa ndoa. Nawadharau wageni wa Jeddah waliopiga picha mbele ya matunda wasiyoyala, na mimi nimesimama mbele ya yaleyale kwa miezi mitatu, bila kupumzika hata kuketi.

Alasiri nikamtengenezea Madam chai. Nikamwekea mezani, na badala ya kuondoka nikasimama.

Akaniuliza kwa Kiarabu kile tunachozungumza sisi wawili, nusu maneno nusu mikono, kama naumwa. Nikasema siumwi. Nikasema mkataba ukiisha, halas, naenda nyumbani. Sisaini.

Hakukasirika. Ningependa kuandika kwamba alikasirika, ingenirahisishia. Aliweka kikombe chini akanitazama kama anayetazama ukuta ulioanza kuongea. Kisha akasema nitakosa kazi Kenya. Nikasema labda. Akasema ataniongezea mshahara. Nikasema shukran. Akasema mwezi wa kumi ana sherehe kubwa hapa Riyadh, nani atapanga pembe? Nikasema magazeti anayo.

Nadhani hakuelewa hilo. Basi akatoa la mwisho, ambalo nilijua linakuja na ndilo nililokuwa nimeliogopa njia nzima kutoka jikoni.

"Na Lulwa?"

Lulwa alikuwa chini ya meza akimvalisha paka soksi. Yule mtoto nimemfundisha kutembea. Kila usiku ananishika sikio. Niliapa sitalia mbele ya mtu anayekunywa chai.

"Madam," nikamwambia, "Lulwa ana mama yake. Amekaa hapa."

Akatazama kikombe. Kisha akaniambia niende nikafunge dirisha la juu, vumbi linaingia, ingawa madirisha yote nilikuwa nimeyafunga. Nikaenda. Nadhani alitaka nisione uso wake, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba hii nikamwonea huruma bila kujilazimisha.

Nikiwa juu nikamwandikia Mghoi. "Nimekataa kusaini. Nakuja mwezi ujao. Tafadhali usiende Jumatatu."

Najua ujumbe si tiketi. Tiketi na kibali cha kutoka viko mikononi mwa Baba, mume wa Madam, na Baba yuko safarini hadi Jumatano. Vipimo ni Jumatatu. Siwezi kumtumia Mghoi karatasi yoyote kabla ya hapo. Nina neno langu tu, na kwa jinsi nilivyolitumia mwaka huu, mimi ningekuwa yeye nisingelinunua.

Ndiyo maana nimeandika haya yote hapa, ambapo watu wa kwetu wanasoma. Ile picha nimeifuta kwenye simu yangu, lakini iko kwenye simu za wasichana wengi sasa, na siwezi kuzifuata mlango kwa mlango. Kama umeiona: yule ni mimi, abaya si yangu, matunda hayaliki, na nilikuwa nimesimama tangu saa sita mchana. Ukitaka kuja, njoo ukijua hivyo. Sikuzuii. Usije tu kwa sababu ya meno yangu.

Ujumbe ukakaa bila kujibiwa. Nikapika, nikaosha, nikamlisha Lulwa wali na maziwa ya mgando, nikamwogesha. Kila nikipita kwenye simu naigeuza kifudifudi, nikirudi naigeuza tena.

Amejibu sasa hivi, kabla sijamaliza kuandika hapa.

"Ajenti amepiga mara tatu. Sijashika. Pendo anauliza ukija utalala wapi, maana kitandani kwangu upande wa ukutani ni wake na hauachi."

Nimeusoma nimesimama, kisha nimeketi sakafuni nikausoma tena.

Nimemjibu amwambie nitalala chini, kwenye mkeka, mpaka yeye mwenyewe aniite.